Nataka konferensi (ligi ya vyuo kadhaa) moja ndogo ya kikapu cha wanawake wa vyuo vya Marekani, niifuate msimu mzima nikiwa Mwanza. Nianzie wapi?

BintiMalimbe:

Habari zenu wakuu, poleni na joto.

Mimi ni mwanachuo, nakaa Malimbe, nacheza kikapu kidogo. Nasema kidogo kwa sababu mara nyingi niko benchi, ingawa kwenye mazoezi hakuna anayenitangulia kufika. Machi 2025 nilianza kufuatilia mashindano ya NCAA ya wanawake, yale ya vyuo vya Marekani nzima, kwa vipande vya video. Timu 68, mtoano, ukifungwa unarudi kwenu. Nikafuata mpaka UConn (chuo cha Connecticut) wakachukua kombe kwa kuwafunga South Carolina 82–59.

Nilifurahi, lakini nikabaki na kiu. Ndani ya wiki tatu mambo yamekwisha, na nusu ya zile timu sikuwahi kuzisikia. Zinatokea, zinapigwa na wakubwa kwa tofauti ya pointi 40, zinapotea. Hawa wametoka wapi? Walimfunga nani huko kwao mpaka wakafika?

Sasa msimu unaanza tena mwanzoni mwa Novemba na nimeamua kuchukua konferensi MOJA ndogo niifuate toka mechi ya kwanza. Sitaki zile kubwa, SEC wala Big Ten. Ipi inamfaa mtu anayeanza? Mnafuatiliaje wakati wao wakicheza sisi tumelala? Na kwa mwanafunzi mwenye bando la kuungaunga inawezekana, au nisijisumbue? Kaka yangu anasema ligi ndogo ni kupoteza muda, nisubiri Machi kama watu wengine. Nisaidieni kumjibu, au kama yuko sahihi mniambie tu.


Sangara_wa_Jumla:

Kaka yako yuko sahihi. Bingwa atatoka kwa walewale wakubwa, wadogo ni wasindikizaji. Simba na Yanga zenyewe zinatutoa jasho, wewe unakwenda kutafuta ligi ambayo Wamarekani wengi wenyewe hawaiangalii. Hilo bando lifanyie kazi za chuo.

Nimekaa hapa nasoma majibu lakini.


MamaMapokezi:

Binti, karibu. Nitaandika refu, mwenye haraka aruke.

Mimi nipo mapokezi, zamu ya usiku, kwenye lodge moja si mbali na stendi ya Nyegezi. Sekondari nilicheza kikapu, baadaye maisha yakanipeleka kwingine. Wageni wangu wengi ni wa basi la alfajiri: wanaingia jioni na mabegi yao, wanalipa, wanasema "tuamshe saa kumi," wanalala. Toka saa sita usiku mpaka hiyo saa kumi pale mapokezi ni mimi, mlinzi wa getini na friji la soda.

Sasa piga hesabu. Kuanzia Novemba mpaka Machi mwanzoni, pwani ya mashariki ya Marekani wako nyuma yetu masaa nane. Mechi ya saa moja jioni kwao ni saa tisa usiku kwetu. Ya saa nane mchana ni saa nne usiku, hiyo hata wewe mwanafunzi unaimudu. Jumapili ya pili ya Machi wanasogeza saa zao mbele, tofauti inakuwa masaa saba. Hilo liandike mahali, maana linaangukia wiki ambayo mambo yanaiva. Ukilisahau utaingia saa tisa ukute wako mapumziko.

Mimi nafuata Ivy League. Usitishwe na jina. Watu wakisikia Harvard, Yale na Princeton wanawaza maprofesa na marais. Kwenye kikapu hiyo ni ligi ndogo, na haitoi ufadhili wa michezo kwa mtu hata mmoja. Timu ni nane: Harvard na Dartmouth, Yale na Brown, Columbia na Cornell, Princeton na Penn. Nimeziandika mbilimbili kwa makusudi, kwa sababu ratiba imezoea kujengwa hivyo. Timu ikisafiri, Ijumaa inacheza kwa mmoja, Jumamosi kwa jirani yake. Ijumaa Princeton, kesho yake Penn. Ni utaratibu wa miaka mingi, mwanafunzi asikose vipindi katikati ya wiki. Kwa sisi huku faida yake ni kwamba mechi nyingi za ligi ni wikiendi, huna haja ya kukesha Jumanne.

Kila timu inakutana na kila timu mara mbili, nyumbani na ugenini, mechi 14, kama ligi yetu ya mpira wa miguu. Hili usilidharau. Konferensi yenye timu 12 au 13 mara nyingi hawakutani wote mara mbili, kwa hiyo aliyepangiwa ratiba laini anakaa juu ya msimamo na wewe hujui kama ni mzuri au kapendelewa na kalenda. Kwenye nane hakuna pa kujificha. Ikifika katikati ya Februari unamfahamu kila mmoja, unajua nani mtupaji, nani mkorofi wa ribaundi, na nani Jumamosi miguu haina kitu.

Mimi Jumamosi ndiyo siku yangu. Nina kaunta buku la zamani la wageni, kurasa za nyuma zilibaki tupu. Humo nimepiga mistari, timu nane kwenda chini. Kila mechi ya ligi naandika vitu vitatu: nyumbani au ugenini, Ijumaa au Jumamosi, na wachezaji wangapi wamecheza zaidi ya dakika 35. Hicho cha tatu hakuna aliyenifundisha, na kwangu kinazidi msimamo wenyewe. Mechi ni dakika 40. Kocha akiwaacha wasichana watatu uwanjani dakika 37, 38, 38 siku ya Ijumaa ili ashinde kwa pointi mbili, halafu usiku uleule wakapanda basi, namsubiri Jumamosi robo ya nne. Utaona mitupo inaanza kugonga chuma cha mbele. Mtupo mfupi ni miguu, sio mkono, aliyecheza anajua.

Kuhusu bando. Video siifuati sana, na mechi zao nyingi kule kwao zinaonyeshwa kwenye huduma ya kulipia ambayo huku sio rahisi kuipata. Nafuata takwimu za papo kwa papo, zinawekwa kwenye tovuti ya michezo ya chuo chenyewe. Ni maandishi matupu, hata bando dogo la usiku linatosha. Mstari mpya unaingia juu, wa zamani unashuka: fulani kakosa pointi tatu, fulani kadaka ribaundi, faulo, mtupo huru umeingia. Wiki za kwanza utaona ni fujo ya majina. Vumilia. Ukiona mtu anatoka na kuingia, anatoka na kuingia ndani ya dakika ya mwisho, ujue kocha anabadilisha, mlinzi kwa mshambuliaji. Ukiona timu imefikisha faulo ya tano kwenye robo na bado dakika sita, shika roho, kuanzia hapo karibu kila anayeguswa anaenda kutupa mitupo miwili. Huo wote unausoma bila picha.

Sasa nikupe msimu wa 2024–25 ili umjibu kaka yako.

Columbia, wa pale New York, walimaliza ligi 13–1, yaani kushinda 13, kufungwa moja. Kocha wao Megan Griffith aliwahi kuchezea chuo hicho hicho. Walikuwa mabingwa wa msimu bila kugawana na mtu. Lakini tiketi ya NCAA haitolewi hapo. Toka 2017 Ivy wana kamashindano kao Machi, timu nne za juu, nusu fainali na fainali, na anayeshinda huko ndiye anayebeba tiketi. Zamani mshindi wa msimu alikwenda moja kwa moja. Mimi mpaka leo naona ile ya zamani ilikuwa na haki zaidi, mechi 14 zinasema mengi kuliko mbili, ila televisheni inataka fainali na nani ataniuliza mimi wa Nyegezi.

Mwaka huo walikutana Providence, kwenye uwanja wa Brown. Harvard waliingia wakiwa wa tatu, wakapewa Princeton. Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumamosi. Harvard walikuwa na mchezaji anaitwa Harmoni Turner, mwaka wake wa mwisho chuoni, na ule ukurasa wa takwimu ukageuka jina moja. Turner, pointi mbili. Turner, pointi tatu. Turner, mtupo huru, umeingia. Wa pili, umeingia. Mgeni mmoja kashuka kuulizia maji ya moto, nikamjibu "nakuja baba" bila kuinua kichwa, akasimama pale, akauliza kama kuna msiba. Harvard wakashinda 70–67. Katika hizo 70, Turner 44. Wenzake wote kwa pamoja 26! Kesho yake fainali wakawafunga Columbia 74–71, Harvard wakarudi NCAA kwa mara ya kwanza toka 2007.

Basi turudi kwa Columbia. 13–1 msimu mzima, halafu unafungwa fainali kwa pointi tatu. Ukisubiri Machi kama kaka yako, utasema wamekwisha. Hawakuisha. Jumapili kamati ya NCAA, inayochagua wa kujaza nafasi zilizobaki, ikaliita jina lao, na la Princeton ikaliita. Ivy wakapeleka timu tatu, jambo ambalo wanawake wa ligi hiyo hawakuwahi kuliona. Lakini mwaka 2023 Columbia hawahawa waligawana ubingwa wa msimu na Princeton, wakafungwa na Harvard nusu fainali kwa dakika za nyongeza, na kamati ikawaacha nje. Wakapelekwa WNIT, mashindano ya waliokosa, wakafika mpaka fainali, Kansas wakawafunga 66–59.

Chuo kilekile, kocha yuleyule, miaka yote miwili wamefungwa Machi kwenye mashindano ya Ivy. Mwaka mmoja ndani, mwaka mwingine nje. Waulize watu, watabishana mpaka asubuhi kama 2023 walionewa (walionewa). Ila kamati haipimi wiki moja. Inaangalia ulicheza na nani Novemba na Desemba kabla ligi yenu haijaanza, ulicheza wapi, ulimfunga nani, na ile orodha yao ya kupanga ubora wa timu, NET, inapikwa kwa vitu hivyo. Ile mechi ya Novemba saa tisa usiku ambayo hakuna anayeijali ndiyo inayokuja kukuokoa au kukuzika. Anayesubiri Machi anaingia mahakamani siku ya hukumu bila kusikia ushahidi, halafu anashangaa.

Yaliyofuata ni mafupi. Columbia wakawafunga Washington 63–60 kwenye mchujo, ushindi wao wa kwanza wa NCAA toka chuo kianze. Princeton wakatolewa na Iowa State kwenye mchujo huohuo. Harvard wakafungwa na Michigan State 64–50. Turner akachukuliwa na timu ya kulipwa ya Las Vegas Aces, raundi ya tatu ya uchaguzi wa WNBA.

La mwisho ujiandae nalo, binti: utawapoteza wachezaji. Ivy hairuhusu mwanafunzi wa shahada ya pili kucheza. Kaitlyn Chen alikuwa wa Princeton, tumemfuata toka mdogo. Akahitimu huku bado ana mwaka mmoja wa kucheza, kwa kuwa msimu mmoja Ivy waliufuta wote kipindi cha korona. Akahamia UConn. Hao hao UConn uliowaona wakinyanyua kombe. Kwa hiyo hata kwenye hiyo fainali yako ya wakubwa kulikuwa na mtu wetu ndani.


Kocha_wa_Jioni:

Dada, heshima yako. Umeeleza vizuri, lakini umempeleka mtoto kwenye ligi ya watu wenye akiba. Timu tatu NCAA, halafu unaiita ndogo?

Binti, mimi nafundisha wasichana kikapu jioni, upande wa Ilemela, uwanja wa sementi, ring moja ina nyavu nyingine haina. Ushauri wangu chukua MAAC. Vyuo vya New York, Connecticut, New Jersey na jirani, vingi watu hawavijui hata kwa jina: Fairfield, Siena, Niagara, Iona. Tiketi kwa kawaida ni moja, na inatolewa Atlantic City, ukumbi mmoja, siku chache, basi.

Chukua Fairfield msimu wa 2023–24. Kwenye ligi 20–0. Kabla ya Atlantic City walikuwa 28–1. Wakaingia kwenye orodha ya timu 25 bora ya shirika la habari la AP, mara ya kwanza katika historia yao. Dada hapo juu anazungumzia kamati na ushahidi wa Novemba, sawa, lakini timu ya MAAC yenye 28–1 bado inaingia ukumbini ikiwa haina uhakika. Ikiteleza jioni moja, huenda ndiyo imetoka. Mimi zile mechi tatu nilizifuata nikiwa nimesimama. Walishinda zote, 31–1, wakapewa nafasi ya 13 (kila kundi hupangwa 1 mpaka 16, namba 1 ndiye mkubwa), wakapelekwa nyumbani kwa Indiana, wakafungwa 89–56.

Najua Sangara atasema "si nilisema, wasindikizaji." Ndugu yangu, wewe ukisikia 89–56 unasikia kipigo. Aliyewafuata toka Novemba anasikia mechi moja kati ya 33.

Jambo jingine ambalo halijasemwa, na kwa mchezaji wa benchi kama wewe lina faida. Kikapu cha wanawake wa vyuo kule kinafanana na hiki tunachocheza kwenye uwanja wa Mirongo hapa Mwanza kuliko cha wanaume wa vyuo hivyo hivyo. Wanaume wa vyuo bado wanacheza vipindi viwili vya dakika 20. Wanawake toka msimu wa 2015–16 wanacheza robo nne za dakika kumi, kama FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. Faulo za timu zinaanza upya kila robo, kama sisi. Mpira namba 6, kama wasichana wetu. Mstari wa pointi tatu toka 2021–22 uko mita 6.75, kama sisi. Kinachotofautiana sana ni saa ya mashambulizi, wao sekunde 30, sisi 24. Kwa hiyo karatasi ya takwimu ya mechi yao naichapa, naileta mazoezini, tunaisoma kama yetu. Nawauliza wasichana: huyu kacheza dakika 31 na hakufunga hata pointi moja, kwa nini kocha hakumtoa? Wanatafuta. Ribaundi tisa, asisti saba, hakupoteza mpira hata mara moja. Wanaelewa bila hotuba. Na wewe wa benchi usome hivyo hivyo.

Kisha kuna lile swali ambalo wasichana wote huishia kuuliza: tunafikaje huko? Ivy kama alivyosema dada hawatoi ufadhili wa michezo. Wanaangalia mahitaji ya familia, ukipasi kuingia, na kuingia kwenyewe ndiyo mlima. Konferensi nyingine nyingi zinatoa. Mimi nawaonyesha Felmas Koranga wa Kenya, aliyechezea chuo cha Troy kwenye konferensi ya Sun Belt. Nawaonyesha Jane Asinde wa Uganda, alianzia chuo cha miaka miwili cha Grayson kule Texas, akaja kumalizia UTEP, Texas hukohuko. Ni majirani zetu wa ziwa hili hili, na njia yao ilipita kwenye vyuo ambavyo Sangara hatakaa avitazame.


MamaMapokezi:

Kocha, shikamoo ya wanakikapu. Fairfield nakubali, ile 20–0 ilikuwa kazi.

Ila usiwaite wenye akiba. Miaka mingi Ivy walipeleka mmoja tu, na mara nyingi alikuwa anakwenda kupigwa. Ila 1998 haikuwa hivyo. Harvard wakapangwa namba 16 dhidi ya Stanford namba 1, nyumbani kwa Stanford, wakashinda 71–67. Allison Feaster pointi 35. Namba 16 kumtoa namba 1 ilikuwa haijawahi kutokea, kwa wanawake wala wanaume. Wanaume walikuja kuipata 2018, miaka 20 baadaye. Sangara, hao ndio wasindikizaji wako.

Na kuna pesa sasa, Kocha, umeisahau. Kuanzia mashindano ya 2025 konferensi za wanawake zinalipwa kwa mechi ambazo timu zao zinacheza NCAA, mfuko wa kuanzia dola milioni 15. Wanaume wamelipwa hivyo miaka nenda rudi, wanawake walikuwa wanapewa makofi. Kwa konferensi ndogo, kushinda mechi moja ya mchujo sasa ni hela inayoonekana kwenye bajeti. Utaona makocha wadogo wanaanza kutafuta ratiba ngumu ya Novemba.


BintiMalimbe:

Mama na Kocha, wabeja sana. Nimesoma mara mbili na kaka yangu nimemtumia, amesema "sawa" tu, kwa ninavyomjua hiyo ni kushindwa.

Nimekwenda kuangalia ukurasa mmoja wa takwimu wa mechi ya zamani kama Mama alivyosema. Kweli mwanzo ni fujo. Naomba kuuliza: nichague timu kabisa sasa hivi, au nifuate zote nane? Na lile kaunta buku, Novemba ambako kila timu inacheza na watu wa nje, unaandika nini?


MamaMapokezi:

Usichague timu mpaka Januari. Ukichagua sasa utafuata timu, hutafuata ligi, na timu yako ikianza vibaya utaacha kabla ya Krismasi. Nimewaona wengi.

Novemba na Desemba sijazi ile safu ya dakika, mechi hazifanani. Kwa kila timu naandika ile mechi ngumu waliyoitafuta wenyewe: walikwenda kwa nani mkubwa, walifungwa kwa ngapi, na robo ya tatu ilikuwaje. Robo ya tatu hasa. Timu ndogo ikienda kwa mkubwa, robo mbili za kwanza inacheza kwa hamasa, mapumziko mkubwa anarekebisha, anarudi. Iliyopoteza robo ya tatu kwa pointi tatu nne ni timu, iiwekee alama. Iliyopoteza 28–9 usiidharau, ila Januari usiitegemee. Ikianza ligi unaifunga ile kurasa, unaanza safu mpya.

Halafu mara moja kwa mwezi tafuta mechi moja uione kwa macho, hata vipande. Takwimu hazikuonyeshi nani anaongea kwenye ulinzi.

Usingizi: Ijumaa lala saa mbili, weka kengele saa tisa kasoro. Ukiwa na mtihani Jumamosi asubuhi soma matokeo ukiamka, hakuna atakayekukamata.


Kocha_wa_Jioni:

Na ukifungua buku la Ivy, fungua na la MAAC pembeni hata nusu ukurasa. Tutalinganisha Februari. Kama uko Malimbe njoo siku moja Mirongo jumamosi jioni, wasichana wapo, utapata dakika zaidi ya unazopata huko.


Sangara_wa_Jumla:

Nimesoma yote, mmenimalizia mchana na mzigo wa dagaa haujahesabiwa.

Nauliza tu, sio kwamba nafuata. Mimi Simba. Kwenye hizo nane nani anavaa nyekundu na nyeupe?


MamaMapokezi:

Cornell. Wako Ithaca, kaskazini ya New York, baridi kali. NCAA wamefika mara moja, 2008. Yanga wa hapa jukwaani wachukue Dartmouth, wao ni kijani, njano mtajijazia wenyewe.

Na usichague mpaka Januari, nimesema.


Sangara_wa_Jumla:

Nimeshachagua.